Ampea 50 Katika Plagi Moja: Usalama wa Kuunganisha Umeme kwenye Kadi ya Michoro

Kadi ya michoro ndiyo sehemu ya kompyuta inayotumia umeme mwingi kuliko nyingine zote, na ndiyo pia sehemu ambayo mara nyingi huunganishwa umeme kwa mkono wa mnunuzi au wa fundi badala ya mashine ya kiwandani. Kazi yake ya asili ni kupiga hesabu za picha, yaani kuamua kila nukta ya kioo iwe na rangi gani, makumi ya mara ndani ya sekunde moja. Lakini katika miaka ya karibuni imebebeshwa pia kazi ya kuhariri video, kuchora majengo kwa pande tatu na kuendesha programu za akili unde, na kila kazi iliyoongezwa imeizidishia njaa ya umeme. Mazungumzo haya yanahusu mahali padogo sana katika mashine hiyo, pale plagi ya umeme inapoingia ubavuni mwa kadi, kwa kuwa hapo ndipo kadi za bei kubwa zimekuwa zikiungua tangu mwaka 2022, na kwa kuwa sehemu kubwa ya hatari hiyo inaweza kuepukwa na mtu anayeelewa kinachotokea ndani ya plagi yenyewe.

Watu wengi huupima ukali wa umeme kwa volti, na wana sababu, kwa maana volti 230 za ukutani huweza kuua, ilhali volti 12 zinazoingia kwenye kadi ya michoro haziwezi kumdhuru mtu anayezigusa kwa kidole kikavu. Volti, hata hivyo, ni msukumo tu. Kiasi cha umeme unaopita kwenye waya hupimwa kwa ampea, na kazi inayofanyika hupimwa kwa wati, ambazo ni zao la volti na ampea. Kifaa cha wati 600 kikichomekwa moja kwa moja ukutani huvuta ampea 2.6, kiasi ambacho waya wa kawaida wa nyumbani haukihisi. Ndani ya kompyuta hali ni tofauti, kwa sababu umeme wa ukutani hupita kwanza kwenye pawa saplai, yaani kasha la chuma lenye feni ambalo hupokea volti 230 na kuzishusha hadi volti 12. Na kwa kuwa wati zinazohitajika ni zilezile, msukumo unaposhuka kiasi hakina budi kupanda. Wati 600 zikigawanywa kwa volti 12 ni ampea 50. Birika la umeme la wati 2,000, ambalo watu hulitafutia soketi imara kwa kuhofia kuyeyusha plagi, huvuta chini ya ampea 9. Hivyo kadi kubwa ya michoro hupitisha kwenye plagi yake ndogo mkondo unaozidi ule wa mabirika matano yanayochemka kwa pamoja.

Mkondo huo mkubwa hauleti madhara ukiwa ndani ya waya mnene wa shaba. Madhara huanza pale waya unapokoma na metali mbili tofauti zinapolazimika kugusana. Hata pini iliyong'arishwa, ikitazamwa kwa hadubini, ina milima na mabonde, na mguso wa kweli kati yake na kikombe kinachoipokea hutokea kwenye vilele vichache tu, ambavyo hubanwa pamoja na springi ndogo iliyomo ndani ya kikombe. Ugumu ambao umeme huupata katika kupita hapo huitwa ukinzani, nao hupimwa kwa omu. Joto linalozaliwa hukua kwa mraba wa mkondo, maana yake ni kwamba mkondo ukiongezeka mara mbili joto huongezeka mara nne. Pini inayobeba ampea 8.3 kwenye mguso wenye ukinzani wa omu 0.005 huzaa takriban theluthi moja ya wati, joto ambalo hutawanyika bila kuleta taabu; pini ileile, mguso wake ukilegea hadi ukinzani ukafika omu 0.05, huzaa karibu wati 3.5 ndani ya kipande cha plastiki kisichopata upepo wa kutosha. Kisha ubaya hujilisha wenyewe, kwa kuwa joto huidhoofisha springi, springi dhaifu hulegeza mguso, na mguso uliolegea huongeza joto, mpaka plastiki ikubali kuyeyuka.

Kwa muda mrefu tatizo hili lilifichwa na ukarimu wa wabunifu wa zamani. Tundu ambamo kadi huchomekwa kwenye ubao mkuu wa kompyuta, linalojulikana kwa jina la PCIe, huruhusiwa kuipa kadi kubwa wati zisizozidi 75. Kadi inayohitaji zaidi huongezewa kwa kebo itokayo kwenye pawa saplai: plagi ya pini 6 imekadiriwa wati 75, na plagi ya pini 8 imekadiriwa wati 150. Makadirio haya ni ya tahadhari sana. Katika plagi ya pini 8, pini tatu ndizo zinazobeba volti 12, na tano zilizobaki ni za kurudishia umeme, mbili kati yake zikitumika kuiarifu kadi kwamba plagi imeingia. Wati 150 kwa volti 12 ni ampea 12.5, ambazo zikigawanywa kwa pini tatu huwa chini kidogo ya ampea 4.2 kwa kila pini, ilhali pini za umbo hilo zikiungwa kwa waya unaofaa hubeba ampea 8 hivi bila kulalamika. Plagi hiyo, kwa maneno mengine, ilibuniwa ifanye nusu ya kazi inayoiweza. Mwaka 2014 kampuni ya AMD ilitoa kadi iliyoitwa R9 295X2, yenye wati 500 na plagi mbili tu za pini 8, yaani juu kabisa ya kiwango kilichoandikwa, na ikafanya kazi kwa sababu tu akiba ilikuwapo. Miaka miwili baadaye kampuni hiyohiyo ililazimika kusahihisha kwa programu kadi yake ya RX 480, baada ya wapimaji kugundua kwamba ilikuwa ikivuta kwenye tundu la ubao mkuu zaidi ya wati 75 zilizoruhusiwa. Hakukuwa na wimbi la moto; lakini kelele iliyopigwa ilionyesha jinsi wataalamu wa wakati ule walivyouheshimu mpaka huo.

Mpaka wa namna nyingine ulikuja baadaye. Mwaka 2020 kampuni ya NVIDIA ilianza kutumia plagi ndogo ya pini 12 kwenye baadhi ya kadi zake, ikiwemo RTX 3090 iliyotengenezwa na kampuni yenyewe, na mwaka 2022 shirika la PCI-SIG, ambalo ndilo linaloweka vipimo vya matundu na plagi za aina hii, lilikuwa limekwisha kuidhinisha plagi iliyofanana nayo, yenye pini 12 za umeme na pini nyingine 4 ndogo za mawasiliano, jumla pini 16. Jina lake rasmi ni 12VHPWR, nayo imekadiriwa kubeba hadi wati 600. Nia ilikuwa njema na inaeleweka: badala ya kebo tatu au nne zinazojaza kasha la kompyuta na kuzuia upepo, iwe kebo moja. Lakini nafasi kati ya pini na pini ilipunguzwa kutoka milimita 4.2 hadi milimita 3, na pini sita zikakabidhiwa ampea 50, yaani ampea 8.3 kila moja, wakati uwezo wa kila pini umeandikwa kuwa ampea 9.5. Akiba iliyokuwa karibu mara mbili ikabaki asilimia 14 hivi. Huu ndio moyo wa suala lote, na ni haki kusema wazi kwamba ulikuwa uamuzi mbaya, kwa sababu plagi inayoshikwa na mikono ya kila aina, ndani ya makasha ya kila umbo, inastahili kuachiwa nafasi ya kukosewa.

Kadi ya RTX 4090, yenye wati 450, iliingia sokoni Oktoba 2022, na kabla mwezi huo haujaisha picha za plagi zilizoyeyuka zilikuwa zimeenea. Mwezi uliofuata timu ya uchunguzi ya Gamers Nexus ya Marekani ilifaulu kuyeyusha plagi kwa makusudi, kwa kuichomeka nusunusu na kuiinamisha upande, na pia ikaeleza kwamba uchafu mdogo wa metali ndani ya plagi huweza kuchangia. NVIDIA kwa upande wake ilisema inajua visa vipatavyo 50 duniani kote, na kwamba jambo lililojirudia ni plagi kutoingizwa hadi mwisho. Maelezo hayo yalikuwa ya kweli, lakini yalikuwa nusu ya ukweli. Mtumiaji aliyeacha pengo la milimita mbili alikosea. Ila katika plagi ya pini 8 kosa lilelile lingemezwa na akiba bila mtu yeyote kujua, na hapo lawama haiwezi kubebwa na mkono wa mtumiaji peke yake.

Wabunifu wenyewe walilikubali hilo kwa vitendo. Mwaka 2023 plagi ilirekebishwa na kupewa jina la 12V-2x6: upande wa kadi, pini za umeme zilirefushwa kidogo ili ziingie ndani zaidi, na pini nne za mawasiliano zikafupishwa kwa milimita 1.5. Umuhimu wa pini hizo fupi unahitaji kuelezwa. Mbili kati yake hutumika kuiambia kadi ni wati ngapi inaruhusiwa kuvuta, 150, 300, 450 au 600, kulingana na zipi zimeunganishwa na waya wa kurudishia umeme. Katika toleo la kwanza, pini hizo zikikosa mguso kabisa kadi bado iliruhusiwa kuvuta umeme kiasi. Katika toleo jipya ukosefu wa mguso una maana ya wati sifuri. Kwa kuwa sasa ndizo fupi kuliko zote na hivyo ndizo za mwisho kugusa, plagi isiyozama hadi mwisho haitaiwasha kadi. Ni marekebisho mazuri, na kwa mtu anayenunua leo, kadi au pawa saplai yenye alama ya 12V-2x6 inafaa kupewa nafasi ya kwanza.

Hata hivyo marekebisho hayo hayakugusa tatizo la pili, ambalo ni gumu zaidi kuliona. Nyaya sita zinazobeba volti 12 zikiunganishwa pamoja ndani ya kadi kuwa njia moja, kadi hujua jumla ya mkondo lakini haijui kila waya unabeba kiasi gani, na umeme hujigawa wenyewe kwa kufuata njia yenye ukinzani mdogo. Miguso mitatu ikiharibika, mitatu iliyobaki mizima hulazimika kubeba ampea 16.7 kila mmoja badala ya 8.3, na joto kwenye kila mmoja huwa mara nne. Pini nzima ndizo zinazoungua kwa sababu ya pini mbovu. Kadi ya RTX 3090 Ti ya mwanzoni mwa 2022 iligawa nyaya hizo katika jozi tatu, kila jozi ikiwa na kipimo chake, na hivyo iliweza kusawazisha mzigo. Kadi zilizofuata ziliacha mpangilio huo. Februari 2025, muda mfupi baada ya kadi ya RTX 5090 yenye wati 575 kutoka, mtaalamu wa Ujerumani Roman Hartung, anayejulikana zaidi kwa jina la der8auer, alipima nyaya za kadi yake moja baada ya nyingine akakuta mmoja unabeba zaidi ya ampea 20 huku nyingine zikibeba ampea chache tu, na joto la plagi upande wa pawa saplai likifika nyuzi 150 za Selsiasi. Kipimo hicho kinafundisha kwamba ncha mbili za kebo zina hatari sawa, na kwamba fundi anayekagua upande wa kadi peke yake amekagua nusu ya kazi.

Kutokana na hayo, namna ya kuunganisha inaweza kuelezwa kwa sababu zake. Kazi huanza kwa kuzima kompyuta, kuchomoa waya wa ukutani, kisha kubonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde chache ili umeme uliohifadhiwa ndani ya pawa saplai utoke. Pawa saplai yenyewe haifunguliwi kamwe na mtu asiye na mafunzo, kwa sababu vihifadhi umeme vilivyomo ndani yake huweza kubaki na mamia ya volti hata baada ya waya kuchomolewa. Mkono hugusishwa kwanza kwenye chuma tupu cha kasha, ili umeme tuli, ule unaojikusanya mwilini kwa kusuguana na nguo au zulia, uondoke kabla ya kuigusa kadi. Kadi huingizwa kwenye tundu lake mpaka kishikizo cha tundu kijifunge, na skrubu zake hukazwa kwenye kasha, kabla ya kebo kuguswa. Kadi inayoning'inia huvuta plagi kwa uzito wake, na kadi kubwa za siku hizi, ambazo baadhi huzidi kilo mbili, zinahitaji kuwekewa tegemeo chini.

Plagi hushikwa kwenye mwili wake wa plastiki, si kwenye nyaya, na kusukumwa ikiwa imenyooka, bila kutikiswa huku na huku, kwa kuwa kutikisa hupanua vikombe vinavyozishika pini. Plagi mpya huwa ngumu, na watu wengi huacha kusukuma mapema kwa kuogopa kuivunja kadi. Suluhisho ni kuutegemeza ubavu wa kadi kwa mkono wa pili na kuongeza nguvu taratibu. Mlio wa kishikizo husaidia, lakini katika baadhi ya plagi za pini 16 mlio huo ni hafifu au haupo, na kwa hiyo jicho lina neno la mwisho: taa ya tochi ikimulikwa kutoka ubavuni, haipasi kuonekana nafasi kati ya plagi na tundu, na mstari wa ukingo wake uwe sambamba kutoka upande hadi upande. Plagi ikivutwa taratibu isirudi nyuma. Ukaguzi huohuo hurudiwa kwenye ncha ya pawa saplai, ambako watu wengi hawafiki kwa sababu pako gizani chini ya kasha.

Baada ya hapo huja suala la kukunja. Kebo ikipindwa karibu mno na plagi, nyaya za upande wa nje huvutwa na zile za ndani husukumwa, na vikombe ndani ya plagi hulalia upande mmoja, hata kama kwa nje kishikizo kimefunga vizuri. Ushauri uliozoeleka ni kuacha kama milimita 35 za kebo iliyonyooka kabla ya kona ya kwanza. Kasha jembamba, ambalo kifuniko chake cha kioo kinaikandamiza kebo, halifai kwa kadi ya namna hiyo, na kulazimisha kifuniko kifunge ni kulipa shinikizo la daima kazi ya kulegeza mguso. Watu waliotafuta njia ya mkato kwa adapta za kona, zile zinazoigeuza plagi nyuzi 90 au 180, hawakufika mbali: Februari 2024 adapta za kampuni ya CableMod zipatazo 25,300 zilirudishwa kutoka sokoni nchini Marekani kwa sababu ya hatari ya moto. Kila adapta inayoongezwa njiani ni mguso mwingine unaoongezwa, na kila mguso una ukinzani wake. Hali kadhalika plagi hii haikubuniwa kuchomekwa na kuchomolewa kila wiki. Idadi iliyoandikwa katika vipimo vyake ni mara 30, na fundi anayepima kadi nyingi kwa kebo ileile anapaswa kuihesabu kebo hiyo kuwa kitu kinachokwisha.

Makosa mengine hayahusiani na plagi mpya, nayo ndiyo yanayokutwa zaidi kwenye meza za mafundi. La kwanza ni kuchanganya kebo ya kichakataji, yaani ile inayolisha ubongo wa kompyuta kwenye ubao mkuu, na kebo ya kadi ya michoro. Zote mbili huwa na pini 8 na kwa mbali hufanana, lakini mpangilio umegeuzwa: safu inayobeba volti 12 katika moja ndiyo ya kurudishia umeme katika nyingine. Maumbo ya pini yametofautishwa ili zisiingiliane, ila mkono wenye nguvu na haraka unaweza kuyashinda, na matokeo yake ni shoti, ambayo pawa saplai nzuri huizima papo hapo na pawa saplai hafifu huweza kuigeuza moshi. Kanuni ya kufuata ni kusoma maandishi yaliyo kwenye plagi, ambayo kwa kawaida husema CPU au PCIe, na kuacha kusukuma mara plagi inapokataa bila sababu ya kueleweka.

Kosa la pili ni baya zaidi kwa sababu halina kizuizi. Pawa saplai nyingi za sasa zina kebo zinazochomoka ncha zote mbili, na ingawa ncha ya upande wa kadi imewekewa kipimo kimoja duniani, ncha ya upande wa pawa saplai haikuwekewa. Kila mtengenezaji huipanga apendavyo, na wakati mwingine mtengenezaji mmoja hubadili mpangilio kati ya toleo na toleo. Kebo ya kampuni moja huweza kuingia kikamilifu kwenye pawa saplai ya nyingine, ikafunga, na mara kompyuta inapowashwa ikapeleka volti 12 mahali palipotarajia sifuri au volti 5. Kwa hiyo pawa saplai inapobadilishwa, kebo zote za zamani hutolewa pamoja nayo, hata kama kuziacha kungeokoa saa nzima ya kupanga nyaya, na pawa saplai ya mtumba inayouzwa bila kebo zake haina budi kupimwa kila pini kwa mita ya umeme kabla ya kuaminiwa.

Kosa la tatu linagusa hasa soko la Afrika Mashariki, ambako kompyuta nyingi za mezani zinazouzwa ni mitumba iliyokwisha kutumika katika ofisi za Ulaya na Marekani. Kompyuta za namna hiyo, kwa mfano Dell OptiPlex zinazojulikana sana madukani, mara nyingi huja na pawa saplai ndogo isiyo na plagi yoyote ya kadi ya michoro, kwa kuwa mwenye ofisi hakuihitaji. Kijana anayetaka kuhariri video au kucheza michezo hununua kadi, akagundua kwamba haina pa kulishwa, kisha akauziwa adapta inayochukua umeme wa plagi ya SATA, ile ya kulishia diski, na kuugeuza kuwa plagi ya pini 6 au 8. Plagi ya SATA ina pini tatu za volti 12 zenye uwezo wa ampea 1.5 kila moja, jumla ampea 4.5, yaani wati 54. Kuitaka itoe wati 75, achilia mbali 150, ni kuitaka iungue. Wachimbaji wa sarafu za kidijitali duniani walitumia sana adapta hizo kulishia vipandishio vya kadi, yaani vibao vinavyoiunganisha kadi na tundu lake kwa mbali, na plagi zilizokauka kuwa mkaa zikawa jambo la kawaida kwao. Adapta hiyo isinunuliwe, na muuzaji anayeijua hatari yake asiiuze.

Mwenye kompyuta ya ofisi ana njia mbili salama. Ya kwanza ni kuchagua kadi inayoridhika na umeme wa tundu peke yake, kama vile GTX 1050 Ti ya mwaka 2016 au GTX 1650 ya mwaka 2019, zenye wati 75, au RX 6400 yenye wati 53, akihakikisha kwamba toleo analonunua halina plagi ya ziada, kwa kuwa watengenezaji wengine huiongeza, na kwamba tundu la kompyuta yake linatoa wati hizo, kwa kuwa kompyuta nyembamba sana za ofisi wakati mwingine hutoa pungufu. Ya pili ni kubadilisha pawa saplai nzima. Hapo panahitajika uangalifu, maana baadhi ya kompyuta hizo zina plagi za ubao mkuu zisizofuata kipimo cha kawaida, na bei ya kuzifananisha huweza kuzidi faida.

Kwa kadi ya wastani yenye plagi mbili za pini 8, kebo mbili tofauti kutoka kwenye pawa saplai hupendelewa kuliko kebo moja yenye mkia wa plagi ya pili. Kebo ya mkia hupitisha mzigo wa plagi zote mbili kwenye ncha moja ya pawa saplai, wati 300 mahali pa wati 150; watengenezaji wa pawa saplai bora huizingatia hali hiyo kwa kutumia nyaya nene, lakini kwa pawa saplai ya bei ya chini isiyojulikana asili yake hakuna sababu ya kuijaribu.

Umeme wa ukutani nao una sehemu yake. Plagi ya miguu mitatu inayotumika Tanzania, Kenya na Uganda ina mguu mrefu wa waya wa ardhi, na kompyuta inautegemea; ukikatwa, au kompyuta ikichomekwa kwenye kiendelezi kisicho na waya huo, kiasi kidogo cha umeme kinachovuja kwenye vichujio vya pawa saplai hubaki kwenye kasha, na mtu hukihisi kama mtekenyo anapogusa chuma huku akiwa pekupeku sakafuni. Mahali ambapo umeme hukatika na kurudi kwa kishindo, kifaa cha kulinda volteji kinachochelewesha kurudi kwa umeme ni matumizi ya busara, mradi wati zake zitoshe mzigo wote wa kompyuta na kioo chake. Katika miji ya mwambao, ambako hewa ya bahari ina unyevu na chumvi, pini zilizopakwa bati hupoteza ung'avu wake mapema zaidi, na kebo iliyokaa wazi kwenye rafu ya duka kwa miaka inastahili kutazamwa ndani kabla ya kuchomekwa.

Baada ya kuunganishwa, kadi hupewa kazi nzito kwa nusu saa hivi huku kifuniko kikiwa wazi na mtu akiwa karibu. Kwenye volti 12 plagi inaweza kuguswa kwa nje bila hofu ya kupigwa na umeme, ila si bila hofu ya kuungua, kwa hiyo mkono husogezwa karibu kwanza. Vuguvugu ni kawaida, joto linaloufanya mkono uondoke ni dalili mbaya. Harufu ya plastiki, kioo kinachozimika ghafla chini ya mzigo, au kompyuta inayojiwasha upya mchezo unapopamba moto, ni dalili zinazotaka mashine izimwe na plagi zikaguliwe kabla ya jambo lingine lolote. Mwenye kadi kubwa anaweza pia kuipunguzia wati kwa programu ya kadi yenyewe. RTX 4090 ikiwekewa ukomo wa asilimia 80 ya umeme wake hupoteza sehemu ndogo tu ya kasi, na kwa kuwa joto la mguso hufuata mraba wa mkondo, joto hilo hushuka hadi karibu theluthi mbili ya lile la awali.

Plagi ikikutwa imebadilika rangi au imeyeyuka, haikwanguliwi na kurudishwa. Kebo hutupwa, na tundu la upande wa kadi huhesabiwa kuwa limeharibika pia hata kama linaonekana zima, kwa sababu pini zilizopata joto hilo zimepoteza upako wake, na kebo mpya ikichomekwa humo nayo itaungua. Tundu hilo hubadilishwa na fundi mwenye vifaa vya kulehemu vidogo vya joto la hewa, ambaye anaweza kulitoa bila kunyanyua njia za shaba za ubao, na kabla ya kadi kuwashwa tena ncha ya pawa saplai nayo hufunguliwa na kumulikwa tochi, pini moja baada ya nyingine.